Familia ya Dodoma iende hifadhi gani, na iende mwezi gani?

Msomaji mmoja, mwalimu wa shule ya msingi jijini Dodoma, ameniandikia kwamba yeye na mumewe wamedunduliza fedha kwa muda mrefu ili likizo ya Desemba wawapeleke watoto wao watatu hifadhini, mdogo wao akiwa na umri wa miaka saba. Wana gari dogo la kawaida. Kila wanayemuuliza huwaambia waende Serengeti, lakini wakipiga hesabu fedha hazitoshi, na wengine wanawavunja moyo kwamba hifadhi nyingine hazina wanyama wa maana. Anauliza waende wapi, hifadhi za mazingira asilia zinazotajwa na watu wa misitu ni kitu gani, na kama mama yake mzazi, mwenye miaka 70 na maumivu ya magoti, anaweza kufuatana nao.

Mwalimu, kabla ya kuuliza hifadhi ipi ni lazima kuuliza mwezi gani. Watu wengi huchagua hifadhi kwa jina lake, kisha huenda siku ambayo likizo imewaruhusu, na wasipoona walichokitarajia huilaumu hifadhi au dereva. Wanyama wakubwa wa nchi yetu wengi hawakai mahali pamoja mwaka mzima. Hufuata maji na majani, na maji na majani hutegemea mvua. Anayejua mvua imenyesha wapi na mto upi umekauka anaweza kukisia, kabla hajafunga mizigo, wanyama watakuwa upande gani na kama gari lake litafika huko.

Chukua mfano wa Tarangire, ambayo kwenu Dodoma si mbali sana, kwa kuwa barabara ya Kondoa na Babati ni ya lami hadi kilomita chache kutoka kwenye lango lake. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1970, na uhai wake wa kiangazi unategemea Mto Tarangire. Wakati wa mvua, nyumbu, pundamilia na tembo wengi hutoka nje ya mipaka, hasa kuelekea nyanda za Simanjiro ambako majani mafupi yana lishe na madimbwi yamejaa. Atakayeingia mwezi Aprili ataona mibuyu na ndege wa kila namna, lakini makundi makubwa hatayakuta. Kiangazi kikikolea, kuanzia Julai hadi Oktoba, madimbwi ya nje hukauka na wote hurudi mtoni. Ukisimamisha gari ukingoni wakati huo, unaweza kumwona tembo jike amesimama juu ya mchanga mkavu, akiukwangua kwa mguu wa mbele, kisha akiingiza mkonga shimoni na kusubiri maji yajichuje. Maji ya mwanzo yenye tope mara nyingi huyamwaga pembeni, na ndipo huanza kunywa polepole. Ndama wake hujaribu kuingiza mkonga wake mfupi katika shimo hilo hilo na kusukumwa taratibu. Nyani hukaa kando wakingoja, kwa sababu tembo akishaondoka shimo lile huwa kisima chao. Jambo hilo moja, likitazamwa kwa nusu saa bila haraka, huwafundisha watoto maana ya kiangazi kuliko picha yoyote ya kitabuni.

Serengeti nayo inaongozwa na kanuni hiyo hiyo, ila kwa eneo kubwa zaidi. Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka kati ya nyanda za kusini, karibu na Ndutu, na Mto Mara ulioko kaskazini, na wengi wao huvuka hadi Maasai Mara nchini Kenya. Wageni wengi hudhani safari hiyo ni desturi tu ya wanyama, lakini sababu yake iko ardhini. Udongo wa nyanda za kusini umetokana na majivu ya volkano za upande wa Ngorongoro, kwa hiyo majani yake yana madini ambayo jike anayenyonyesha anayahitaji sana, kama vile kalsiamu na fosforasi. Ubaya wake ni kwamba huko hakuna mto wa kudumu, na mvua zikikatika lazima waondoke. Ndiyo maana huzaa kusini kati ya Januari na Machi, wengi wao wakizaa ndani ya wiki chache za Februari, na ndiyo maana kuanzia Julai hadi Oktoba huwa kaskazini, ambako Mto Mara haukauki. Aliyesikia sifa za wanyama wanaovuka mto, akafunga safari mwezi Februari kwenda kuwaona huko, atakuwa amekwenda upande usiokuwa na nyumbu.

Mwezi wa Desemba makundi huwa yameanza kurudi kusini, kwa hiyo sitasema kwamba waliowashauri Serengeti wamekosea kuhusu wanyama. Wamesahau mfuko wenu na gari lenu. Kutoka Dodoma mtapita Makuyuni na Karatu mkoani Arusha na kukatisha eneo la Ngorongoro, ambalo halisimamiwi na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, bali na mamlaka yake yenyewe, kwa hiyo mtalipa kwa taasisi mbili; au mtazunguka kwa Singida na Shinyanga ili mwingie kwa lango la Ndabaka upande wa Ziwa Victoria, ambako udongo mweusi wa mfinyanzi ukinyeshewa hunasa hata magari makubwa. Tena ninyi ni watu sita, na gari dogo la kawaida lina viti vitano. Serengeti ina eneo la kilomita za mraba 14,763. Kuitembelea kwa siku moja na nusu huku mnaangalia mshale wa mafuta ni kuwachosha watoto na kumaliza akiba yenu kwa kitu ambacho hamtakifurahia.

Kwa Desemba, na kwa familia yenu, ushauri wangu ni Mikumi kwa siku mbili, kisha Milima ya Udzungwa kwa siku moja. Gari lenu liacheni nyumbani. Tangu mwaka 2024 kuna treni ya umeme kati ya Dodoma na Morogoro, na watoto wataifurahia kama sehemu ya safari yenyewe. Kutoka Morogoro hadi Mikumi ni kilomita 100 na ushee kwa barabara kuu ya kwenda Iringa, na mabasi ni mengi. Mkifika, kodisheni gari la utalii, lile lenye viti sita au saba na paa la kufunguka, pamoja na dereva anayeijua hifadhi. Ninajua kwamba kukodi huonekana ni gharama isiyo ya lazima kwa mtu mwenye gari lake. Lakini katika gari la chini mtoto wa miaka saba haoni kitu zaidi ya majani, na Desemba majani huwa yanarefuka. Dereva aliyezoea pia anajua njia ipi imekuwa tope tangu jana, na huzungumza na wenzake kujua simba wameonekana upande gani.

Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230. Wanaodharau hifadhi hii mara nyingi ni wale waliopita katikati yake wakiwa ndani ya basi, kwa kuwa barabara kuu ya Zambia imeikata vipande viwili, wakaona swala na twiga kando ya lami na kudhani hayo ndiyo yote. Ukiingia langoni unafunguka uwanda wa Mkata, nchi tambarare yenye majani na miti ya hapa na pale, ambako nyati, pundamilia, nyumbu, twiga, pofu na tembo huonekana bila kwenda mbali. Karibu na lango kuna bwawa la viboko. Mfike hapo asubuhi na mzime injini. Mwanzoni mtaona maji tu na vitu kama mawe. Baada ya dakika kadhaa jiwe moja litatikisa masikio, jingine litapumua kwa kishindo na kurusha maji, na watoto watagundua wenyewe kwamba bwawa limejaa wanyama. Desemba pia ndege wahamiaji huwa wamekwisha kufika kutoka Ulaya na Asia, wakiwemo korongo weupe na kerem wanaokamata wadudu angani, kwa hiyo mwenye darubini, hata ya bei ndogo, hatakosa kazi saa ambazo wanyama wamelala.

Saa hizo nizitaje, kwa sababu ndizo zinazoharibu safari nyingi. Familia huamka saa 2 asubuhi, hupata chai bila haraka, huingia langoni saa 4, na kuzunguka kwenye jua la mchana wakati simba amejilaza chini ya kichaka na tembo amejificha kivulini. Muwe langoni linapofunguliwa, saa 12 au saa 12 na nusu. Zungukeni hadi saa 4, mrudi mpumzike, mle na mlale, kisha mwingie tena saa 9 na nusu hadi jioni. Siku mbili za namna hiyo zinazidi siku nne za kuzunguka mchana. Simba na chui siwezi kuwaahidi, wala msimwamini atakayewaahidi. Waambieni watoto mapema kwamba wanyama hawa wako kwao na hawana ratiba ya kuonekana, ili siku isiyokuwa na simba isigeuke kuwa siku ya kununa.

Kutoka mji mdogo wa Mikumi, barabara inayokwenda Kidatu na Ifakara itawafikisha Mang'ula, kilomita 60 hivi, palipo na makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Humo hakuna barabara za kuzungukia kwa gari. Ni kwa miguu na mwongozaji. Ninaipenda hifadhi hii kupita zote, na ninasikitika kwamba Watanzania wengi hawajui walichonacho. Milima ya Udzungwa ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima inayoanzia Taita huko Kenya na kupita Upare, Usambara, Nguru na Uluguru. Kwa mamilioni ya miaka imekuwa ikipata unyevu wa Bahari ya Hindi, hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, kwa hiyo misitu yake ilibaki kama visiwa na viumbe wake wakakua tofauti na wa kwingine. Mbega mwekundu wa Udzungwa hapatikani nje ya eneo hilo. Ng'olaga, kima ambaye wataalamu humwita mangabei wa Sanje, alitambuliwa na sayansi mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakimjua na walikuwa na jina lake. Na kipunji, ambaye anaishi huku na katika milima ya Rungwe, alitangazwa mwaka 2005. Ni jambo la kushangaza kwamba wanyama wakubwa kiasi hicho walikuwa hawajaandikwa popote wakati watu walikwisha kutua mwezini.

Njia inayosifiwa ni ya maporomoko ya Sanje, ambayo kimo chake ni mita 170, na kwa mtu mzima mwenye afya huchukua saa nne hivi kwenda na kurudi. Watoto wakubwa wataiweza. Kwa mdogo wa miaka saba, na kwa mwezi ambao njia zina utelezi, ningeanza na njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard iliyo karibu na makao makuu, halafu mwongozaji akiona anatembea vizuri ndipo mwende Sanje. Vaeni viatu vyenye meno chini. Raba zilizochakaa ndizo zinazowaangusha watu kwenye mawe.

Sasa nije kwenye hifadhi za mazingira asilia. Hizi ni misitu iliyopewa ulinzi wa daraja la juu chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na hazisimamiwi na TANAPA. Ya kwanza ilikuwa Amani, katika Usambara Mashariki wilayani Muheza, iliyotangazwa mwaka 1997. Humo kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na katika milima hiyo ndiko lilikochukuliwa lile ua la zambarau la Usambara ambalo leo limo katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Nyingine ni Magamba karibu na Lushoto, Chome huko Same, Rungwe, Uluguru, na Pugu na Kazimzumbwi pembezoni mwa Dar es Salaam. Usitazamie tembo wala simba. Utakachokuta ni miti mirefu, vinyonga, vyura, vipepeo, mbega, na maji. Hayo maji yasichukuliwe kuwa jambo dogo: mito inayotoka Uluguru huingia Mto Ruvu, ambao ndio unaoinywesha Dar es Salaam, na ile ya Udzungwa huchangia umeme wa Kidatu na kuongeza maji ya Rufiji. Kwa kuwa treni itawashusha Morogoro, siku ya ziada ikipatikana mnaweza kupanda miteremko ya Uluguru hadi Morningside na kuutazama mji kutoka juu.

Kuhusu fedha, wananchi wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na kiingilio chao ni sehemu ndogo sana ya kile anachotozwa mgeni wa nje. Watoto hulipa pungufu. Chukueni kitambulisho cha NIDA kwa kila mtu mzima, kwa sababu bila ushahidi wa uraia askari wa langoni hana namna ya kuwapa kiwango hicho. Malipo si ya fedha taslimu: mtapewa kumbukumbu namba na kulipa kwa simu au benki, kwa hiyo hakikisheni salio limo kabla ya kufika mahali ambapo mtandao unasuasua. Viwango hubadilika mara kwa mara na mwaka mpya wa fedha, basi ulizeni ofisi ya hifadhi wiki moja kabla. Muulize pia kibali kinahesabiwa kwa saa ngapi na kama mnaweza kutoka na kuingia tena, maana jibu la swali hilo ndilo litakaloamua mlale ndani au nje. Kwa kawaida kinachokula akiba ni gari, mafuta na malazi, wala si kiingilio. Nyumba za wageni za mjini Mikumi na Mang'ula zina unafuu mkubwa kuliko hoteli za ndani ya hifadhi, na TANAPA wenyewe wana mabanda na hosteli ambazo wazawa wengi hawazijui. Likizo ya Desemba hujaa, kwa hiyo wapigieni mapema.

Dereva wenu msimshawishi aache njia ili mpate picha nzuri zaidi. Ninaliandika hili kwa uchungu kwa sababu nimeona wageni wakiweka noti mkononi mwa dereva ili aingize gari majanini. Tairi likipita kwenye udongo uliolowa huacha mfereji, mvua inayofuata huuchimba, na gari la kesho hukwepa mfereji na kufungua njia ya pili. Duma, ambaye huwinda mchana kwa kuona, hukosa chakula chake magari yanapomzingira. Pia msiwape ngedere wala nyani chakula. Nyani aliyezoea mkate wa wageni huanza kupora mikoba na kung'ata watoto, na mwishowe askari hulazimika kumuua. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo fungasheni vyakula kwenye vyombo. Nguo ziwe za kaki, kijani iliyofifia au kahawia. Bluu ya giza na nyeusi huwavuta ndorobo, ambao wako Mikumi na Tarangire pia, na nguo zenye mabaka kama za jeshi zinaweza kuwaletea matatizo na vyombo vya dola. Mang'ula na Mikumi kuna malaria, basi chandarua na dawa ya kupaka visisahaulike.

Kama mnaweza kuvumilia hadi mwisho wa Juni, watoto wakiwa likizo ya kati ya mwaka, ningebadilisha ushauri wangu na kuwaambia Tarangire. Masika yatakuwa yamekwisha, tembo wanaanza kukusanyika mtoni, na njiani, kaskazini ya Kondoa, mtapita Kolo penye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006. Kwa mwalimu wa shule ya msingi hayo ni masomo mawili katika safari moja.

Na mama yako aje, mwalimu. Mikumi ataiweza vizuri kwa kuwa muda wote yuko garini. Akae kiti cha mbele, ambako mtikisiko ni mdogo na miguu inanyooka, na mnapochagua gari muulize kama lina ngazi ya kupandia, kwa sababu magari ya utalii yako juu sana kwa mtu mwenye magoti mabovu. Ndani ya hifadhi haruhusiwi kushuka popote isipokuwa sehemu zilizotengwa, basi mpangeni na dereva tangu asubuhi kwamba mtasimama kwenye vyoo na mahali pa kupumzikia kila baada ya saa moja na nusu, na dawa zake ziwe mkononi, si kwenye begi la nyuma. Mang'ula asipande, abaki na mmoja wenu katika viunga vya makao makuu, ambako mbega huja wenyewe kwenye miti. Kama mtakwenda kwa njia ya Kolo, michoro mingi iko mlimani na sehemu ya mwisho ni ya kupanda kwa miguu, kwa hiyo hapo apumzike chini karibu na ofisi ya mambo ya kale hadi mtakaposhuka.